Bunduki, Bima na Sanduku la Kura

Kinachotisha zaidi katika The Purge: Election Year, filamu iliyotoka Marekani Julai 2016, si vinyago wala misumeno. Ni bima. Joe Dixon ana duka dogo la vyakula mjini Washington, na imebaki siku moja kufika usiku ambao kila mwaka sheria husimamishwa kwa saa 12, kuanzia saa 1 jioni hadi saa 1 asubuhi. Usiku huo uhalifu wote unaruhusiwa, mauaji yakiwemo, na polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa hawaitiki. Joe amekuwa akilipia bima ili duka likivunjwa apate fidia. Sasa anaarifiwa kwamba ada imepanda, na asipoilipa mara moja bima inakatika. Fedha hiyo hana. Jioni inapoingia anapanda juu ya paa na bunduki yake, mzee anayelinda jasho lake mwenyewe kwa sababu serikali imeondoka na kampuni ya bima imeifuata nyuma.

Mwandishi na mwongozaji James DeMonaco alikuwa ameshatengeneza filamu mbili kabla ya hii. Ile ya 2013 ilijifungia ndani ya nyumba moja ya matajiri, na ile ya 2014 ikatoka nje kwenye mitaa ya Los Angeles. Zote mbili ziliuliza zaidi nani atapona hadi asubuhi. Hii ya tatu inauliza nani ananufaika, na ninaamini hapo ndipo inapozizidi zilizotangulia. Chama tawala katika hadithi, kinachojiita Waasisi Wapya wa Marekani, huhubiri kwamba usiku huo huwatoa watu hasira zilizojaa moyoni na kuliponya taifa. Wapinzani wake wanatazama vitabu vya hesabu. Mwenye nacho hujifungia nyuma ya milango ya chuma, wanaouawa ni maskini, na kila maskini anayekufa ni mtu mmoja aliyepungua katika orodha ya kugharamiwa nyumba, matibabu na posho. Ukiliona hilo, tukio la Joe linaeleweka: hakuna aliyemnyooshea kisu, ila ameshaachwa wazi kwa njia halali kabisa, kwa kupandishiwa ada tu.

Katikati ya hadithi yuko Seneta Charlie Roan, mgombea urais anayeahidi kuufuta usiku huo. Miaka 18 nyuma familia yake yote iliuawa mbele ya macho yake. Hadi mwaka huu wa uchaguzi viongozi wa juu wa serikali walikuwa na kinga, hakuna aliyeruhusiwa kuwagusa. Chama tawala kinaiondoa kinga hiyo na kutangaza kwamba sasa wote ni sawa mbele ya sheria. Wananchi wanashangilia, nayo shabaha ni moja tu: Roan auawe bila kosa la jinai kutendeka. Hapa DeMonaco ameligusa jambo ambalo hotuba nyingi za siasa hulizunguka. Dhuluma haihitaji kuvunja sheria ikiwa ina uwezo wa kuiandika, na inaweza kuiandika kwa lugha ya usawa na bado ikashangiliwa.

Wapo wanaosema filamu hii inajifanya kulaani damu huku ikiiuza. Ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 10 ikaingiza karibu milioni 118 duniani, na kuna dakika ndani yake ambazo kamera inafurahia. Mfano ni wale wasichana wawili wa shule waliozuiwa kuiba chokoleti dukani kwa Joe. Usiku wanarudi na gari lililozungushiwa taa za rangi, bunduki zao zimepambwa zikang'aa, muziki uko juu, wanadai chokoleti yao na roho ya mwenye duka. Ni tukio linalovutia macho, na sitalitetea kwa kusema halikukusudiwa kuvutia. Lakini linaonyesha kitu ambacho hotuba ya Roan isingeweza kukionyesha. Wasichana wale wamezaliwa na kukulia ndani ya sheria hiyo, na kwao kuua ni sherehe yenye mavazi yake. Sheria iliyoruhusu mauaji kwa usiku mmoja imeingia hadi ndani ya malezi ya siku nyingine zote za mwaka. Mtazamaji anayejikuta ameburudika anapaswa kusumbuka, na filamu ingekuwa bora kama ingemwachia muda mrefu zaidi wa kusumbuka.

Lawama nyingine ni nzito zaidi, na sehemu yake naikubali. Roan ni mzungu. Joe, na Dante Bishop anayeongoza wapiganaji wa upinzani, ni weusi, na wote wawili wanakufa ili yeye afike kwenye kura. Hadithi inayotaka kuwatetea watu wa mitaa ya maskini imewageuza kuwa ngao ya mwokozi kutoka juu. DeMonaco alibaki mwandishi wa filamu iliyofuata, The First Purge ya 2018, lakini uongozaji ukashikwa na Gerard McMurray, Mmarekani mweusi, na mizani ikabadilika. Pale Staten Island wakazi wanalipwa dola 5,000 wasiondoke usiku wa majaribio. Wengi hawaui mtu, wanapiga muziki na kucheza. Serikali inapoona takwimu zake hazitoki inavyotaka, inatuma mamluki waliovaa vinyago wakawaue wenyeji. Hoja iliyokuwa ikisemwa tu katika Election Year imepata ushahidi: hasira ya wananchi haikutosha kuujaza usiku huo maiti, ikabidi mkono wa dola uongeze.

Hata hivyo Election Year ina tukio moja ambalo lingeweza kukosewa vibaya na halikukosewa. Watu wa Bishop wanamnasa mpinzani wa Roan, Mchungaji Edwidge Owens, ndani ya kanisa ambamo chama hufanya ibada ya kuchinja watu. Usiku huo kumuua ni halali, na ameshajaribu kumuua Roan mwenyewe. Roan anakataa. Anawaambia wakimuua watamfanya shujaa wa wafuasi wake, na wao watakuwa wametumia sheria ileile wanayotaka kuifuta. Anataka kumshinda kwa kura. Mtu anaweza kusema huo ni ulegevu, kwamba anayechinja watu kanisani hastahili fursa ya pili. Nadhani Roan ndiye mwenye akili hapo. Serikali itakayopatikana kwa kutumia usiku ule itakuwa na deni kwa usiku ule, na mwaka unaofuata atatokea mwingine wa kuikumbusha.

Roan anashinda uchaguzi kwa kishindo, kisha zinasikika habari kwamba wafuasi wa chama kilichoshindwa wameanza vurugu mitaani. Mwaka 2016 umalizio huo ungeweza kuonekana ni mlango wa kuingilia filamu nyingine. Matangazo ya Election Year yalikuwa na kaulimbiu ya kuifanya Marekani iendelee kuwa kuu, na Januari 2017 Donald Trump akataja maneno hayohayo kuwa ndiyo atakayoyatumia kugombea tena. Januari 6, 2021, wafuasi wake wakavamia jengo la Bunge mjini Washington kupinga matokeo. DeMonaco hakuwa mtabiri. Alikuwa ametazama jinsi siasa za nchi yake zilivyokuwa zikizungumza juu ya wapinzani, akaifuata lugha ile hadi inakoelekea. Na katika The Forever Purge ya 2021, ambayo pia aliiandika yeye, hata ule ushindi wa Roan haudumu: Waasisi Wapya wamerudi madarakani kwa kura, usiku umerejeshwa, na king'ora cha saa 1 asubuhi kinapolia wauaji wanakataa kuacha.