Sikukuu Haijaisha Mpaka Wamefika Nyumbani

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako yumo kijana mwenye pikipiki. Huenda ni mume wako, arudiye kutoka mnadani usiku. Huenda wewe mwenyewe hupanda bodaboda unapokwenda kwenye sikukuu ya parokia, au harusini, au kumzika ndugu wa mbali. Basi keti kidogo usome habari hii, maana yakuhusu. Ni habari ya watu wanaosafiri mbali kwa pikipiki ili wakutane na wenzao, wakae pamoja kwa furaha siku moja au mbili, kisha warudi makwao. Nasi tunataka kuzungumza hasa juu ya kule kurudi.

Mbona kurudi? Kwa sababu safari ya kwenda kila mtu huitayarisha, lakini safari ya kurudi ni wachache wanaoitayarisha. Siku ya kwenda mtu amelala vizuri, ameangalia tairi na breki, ametia petroli ya kutosha, na moyo wake ni mchangamfu. Siku ya kurudi amechoka, amekesha, fedha zimepungua mfukoni, na kesho yake ni siku ya kazi. Barabara ni ile ile na pikipiki ni ile ile, lakini mwendeshaji si yule yule.

Twende kwanza Ulaya tukaone wenzetu wanavyofanya, kisha tutarudi kwetu.

KIJIJI KINACHOJAA PIKIPIKI

Katika nchi ya Ufaransa, upande wa magharibi, liko jimbo liitwalo Bretagne. Huko kiko kijiji kidogo, jina lake Porcaro, ambacho wakaaji wake hawafiki elfu moja. Siku nyingi za mwaka ni kijiji kimya, chenye mashamba na kanisa lake. Lakini kila mwaka tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, huko husikika mngurumo tangu asubuhi. Pikipiki huingia maelfu kwa maelfu, kubwa na ndogo, mpya na kuukuu, mpaka nafasi ya kuziweka inakuwa shida.

Jambo hilo lilianza mwaka 1979. Padre wa kijiji, jina lake Prévoteau, alikuwa naye mpanda pikipiki. Akawaita wapanda pikipiki wenzake waje kusali pamoja na kumwomba Mama Maria awaombee njiani. Mwaka ule wa kwanza walikuja wachache tu. Lakini mbegu ndogo ikawa mti. Siku hizi Misa Takatifu husomwa mbele ya umati mkubwa, halafu pikipiki na waendeshaji wake hubarikiwa, kisha wote hutoka kwa maandamano kupita katika vijiji vya jirani, na watu husimama kando ya barabara kuwapungia mikono.

Wala si Ufaransa peke yake. Katika Italia uko mji mdogo wa Castellazzo Bormida, ambako wapanda pikipiki wamekuwa wakikutana tangu mwaka 1946. Mwaka 1947 Papa Pius wa XII alimtangaza Bikira Maria anayeheshimiwa mahali pale kuwa msimamizi wa wapanda pikipiki.

Iko pia mikusanyiko isiyo ya dini, na watu wake ni wengi zaidi. Katika mji wa Le Mans, tangu mwaka 1978, kuna mashindano ya pikipiki ya saa 24. Yako na mengine ya namna hiyo yaitwayo Bol d'Or, yaliyoanza mwaka 1922. Mashindano huanza Jumamosi alasiri, na kwisha Jumapili alasiri. Watazamaji hulala katika mahema karibu na uwanja, lakini tuseme kweli, nani atalala? Usiku kucha injini zanguruma, mioto yawaka, watu wazungumza na kunywa.

Haya, Jumapili alasiri mshindi amepewa kikombe chake. Sasa kila mtu afunge mzigo. Aliyetazama Bol d'Or kule Le Castellet, upande wa kusini wa Ufaransa, naye ni mtu wa Paris, ana kilometa kama 800 mbele yake. Na Jumatatu asubuhi bwana wake wa kazi anamngoja.

USINGIZI HAUBISHI HODI

Ndugu msomaji, wengi hudhani ya kuwa adui wa mpanda pikipiki ni kona mbaya, au mvua, au lori. Hao ni maadui kweli, lakini huonekana. Usingizi hauonekani. Hauji kama mgeni mwenye adabu, ukabisha hodi na kungoja ujibiwe. Huingia tu.

Mtu aliyechoka sana aweza kulala sekunde tatu au nne bila kujua kwamba amelala. Pengine hata macho yamebaki wazi. Tufanye hesabu kidogo. Pikipiki iendayo kilometa 90 kwa saa hukata mita 25 kila sekunde. Katika sekunde nne imekata mita 100, yaani uwanja mzima wa mpira kutoka goli mpaka goli, na hapana mtu anayeiongoza. Dereva wa motokaa akisinzia, walau ana bati pande zote na mkanda kifuani. Mpanda pikipiki hana kitu ila nguo zake.

Wataalamu wamepima tena jambo jingine. Mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo, mwili wake na akili zake huwa nzito kama za mtu aliyekunywa pombe kufikia kiasi ambacho sheria ya Ufaransa yamkataza kuendesha chombo. Hesabu wewe mwenyewe: mtu akiamka saa 11 alfajiri ili awahi sikukuu, ikifika saa 4 usiku ametimiza saa 17. Hakuonja hata tone la pombe, lakini anaendesha kama mlevi.

Ziko saa mbili mbaya kupita nyingine: usiku wa manane mpaka karibu na alfajiri, na mchana baada ya chakula, hasa saa 8 mpaka saa 10. Mwili wenyewe hutaka kulala saa hizo. Ongeza upepo unaompiga mtu kifuani kwa saa nyingi, ongeza baridi inayofanya vidole viwe vizito kushika breki, ongeza kiu na makelele ya injini. Utaona kwa nini safari ya pikipiki huchosha kuliko safari ya basi.

Wengine husema, "Nitanawa uso," au "Nitaimba." Hayo husaidia dakika chache tu. Kahawa husaidia kidogo, lakini haifuti deni la usingizi. Dawa ya usingizi ni kulala. Hata dakika 15 au 20 chini ya mti, pikipiki imeegeshwa mbali na barabara, zaweza kumrudisha mtu akili zake kwa muda. Aliyekesha usiku mzima, hizo hazimtoshi. Alale mpaka asubuhi.

Na pombe je? Chupa moja kubwa ya bia yahitaji kama saa mbili au tatu kutoka mwilini, na chupa tatu zahitaji mara tatu yake. Maji baridi hayaiharakishi, wala kahawa, wala supu. Kwa hiyo aliyekunywa sana mpaka usiku wa manane, akaondoka alfajiri akidhani amelevuka, bado anayo pombe damuni.

KAHAWA NA MAHALI PA KULALA

Wafaransa walifanya nini juu ya jambo hili? Hapo ndipo habari inapopendeza. Mwaka 1980 wapanda pikipiki wa nchi ile walianzisha shirikisho lao, baada ya kuchukizwa na kodi mpya iliyowekwa juu ya pikipiki. Hata jina la shirikisho hilo lataja hasira: Fédération Française des Motards en Colère, yaani Shirikisho la Wapanda Pikipiki Wenye Hasira. Lakini wenye hasira hao hawakuishia kugombana na serikali. Waliwatazama pia wenzao waliokuwa wakifa njiani wakitoka katika mashindano.

Basi, pamoja na chama chao cha bima, wakaweka vituo vya mapumziko kando ya barabara kuu, siku zile ambazo watu wengi hurudi kutoka Le Mans au Bol d'Or. Vituo hivyo huitwa Calmos, neno la mitaani ambalo maana yake ni "Tulia." Watumishi wake hujitolea, nao wenyewe ni wapanda pikipiki. Mpita njia akisimama hupewa kahawa ya moto na kitu cha kula, huonyeshwa mahali pa kujinyosha, na pengine chombo chake hutazamwa kama kina kasoro.

Angalia hekima yake. Hawakusimama barabarani kuwahubiri wenzao. Walijua kijana aliyechoka hatasimama peke yake, maana ataona haya: wenzake wamepita, yeye asimame kama mtoto? Lakini akiona wenzake wameketi, kahawa yachemka, mtu anamwita, "Karibu, ndugu, pumzika," atasimama. Na akisimama, amepona.

Wana na desturi nyingine nzuri. Wakipishana njiani husalimiana kwa mkono wa kushoto. Wakipewa njia hushukuru kwa kunyosha mguu wa kuume pembeni, kwa sababu mkono wa kuume umeshika moto wa pikipiki na hauwezi kuachia. Na kundi lenye akili likisafiri pamoja, mwendo wake hufuata yule aliye mpole kuliko wote, wala hawamwachi wa mwisho gizani. Kwenye njia panda humngoja.

NA SISI JE?

Sasa turudi kwetu. Sisi hatuna Le Mans, lakini sikukuu tunazo. Tunayo Jubilei ya parokia, tunalo Daraja Takatifu la mtoto wa kigango chetu, tunazo Kipaimara na harusi. Vijana huja kwa pikipiki kutoka vijiji vya mbali, wengine wamepakia watu mishikaki, mama na mtoto katikati. Watu husali, hula, hucheza ngoma. Kisha giza laingia, na kila mtu asema, "Haya, twende zetu." Barabara ina mashimo, ng'ombe walala njiani, taa ya mbele ni hafifu. Nani kati yetu amewaza habari ya kurudi?

Baba na mama, yafaa mfanye mambo haya.

Kwanza, kabla hajaondoka, patana na kijana wako juu ya kurudi. Ama arudi jua lingali juu, ama alale huko huko. Ajue ya kuwa akilala hatakaripiwa.

Pili, usimpigie simu kila mara kumwuliza, "Umefika wapi?" Ukijua yuko njiani, mwache. Simu ikilia mfukoni, yeye hutaka kuipokea huku anaendesha, au huongeza mwendo ili akuridhishe. Afadhali akupigie yeye akipumzika.

Tatu, kofia ngumu, ile waiitayo helmeti, si pambo la kuogopea polisi. Uchunguzi wa nchi nyingi umeonyesha ya kuwa aivaaye hupunguza hatari ya kufa ajalini kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini sharti ifungwe kidevuni. Iliyotundikwa kwenye usukani yalinda usukani.

Nne, wewe uliye mwenyeji wa sikukuu, usimwage mgeni wako saa 3 usiku kwa kumwambia tu "Safari njema." Mtandikie mkeka. Mwambie, "Lala hapa, utakwenda asubuhi." Mkeka mmoja na blanketi moja ni sadaka ndogo, lakini zaweza kuokoa roho ya mtu.

Tano, ninyi wa halmashauri ya parokia, mnapopanga sikukuu mnahesabu mchele, ng'ombe na masufuria. Hesabuni na kurudi kwa watu. Ibada ianze mapema, chakula kisicheleweshwe, na vijana wa kigango waweke sufuria ya chai pale njia panda wapitapo wengi. Waketi hapo na taa, wawaite wapitao kwa upole. Wafaransa walifanya hivyo bila kungoja serikali. Sisi nasi tunaweza.

Mwisho, neno juu ya baraka. Ni vema pikipiki ibarikiwe, kama wanavyofanya kule Porcaro. Lakini baraka si hirizi. Padre hakuibariki pikipiki ili mlevi aendeshe bila kuanguka. Kumwomba Mungu akulinde na huku unasinzia juu ya usukani ni kumjaribu. Wazee walisema, haraka haraka haina baraka. Walisema tena, kwenda mbio siyo kufika.

Nawe mama, kijana wako akirudi kesho yake saa 4 asubuhi, ameloa umande na nguo zimejaa vumbi, usianze na maneno makali. Mtilie maji ya kuoga, mpe uji wa moto. Amechelewa, ni kweli. Lakini amefika, na sasa ndipo sikukuu imekwisha.