Kasomeno: kukata mti ni rahisi, kuuza mbao inaomba karatasi

Kasomeno, katika teritware ya Kasenga, ni njiapanda. Barabara inayotoka Lubumbashi inagawanyika hapo: moja inaelekea Kasenga kwenye mto Luapula, ingine inapanda Pweto. Mbao na mifuko ya makala hupitia humo kwenda mjini, na falanga zake zinasaidia kulipa masomo ya watoto na dawa. Lakini sheria inasema nini juu ya hiyo kazi?

Sheria ya misitu, namba 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002, inasema misitu ni mali ya Serikali. Hata hivyo inawatambulia wakaaji haki ya kutumia pori la mababu wao: kuni, uyoga, viwavi, asali, miti ya kujengea nyumba. Ila haki hiyo ni ya matumizi ya nyumbani. Kuuza hairuhusiwi, isipokuwa matunda na vitu vingine ambavyo gavana wa jimbo ameweka kwenye orodha. Kwa hiyo mti ule ule uliokatwa kwa kujenga nyumba, bila shida, unakuwa kosa siku unapogeuzwa mbao za sokoni bila kibali.

Kibali cha kukata mbao kinaombwa ofisini na kinalipiwa. Mwenye uwezo wa kukifuata mara nyingi ni mfanyabiashara wa mjini. Kijana wa kijiji anabaki kibarua katika pori la babu yake.

Hayo yalionekana wazi kwa mukula, mti wa mbao nyekundu unaotafutwa sana China kwa kutengeneza viti na makabati. Magogo yalitoka Haut-Katanga yakipitia Zambia, na mwaka 2017 Zambia ilizuia mamia ya malori. Mkataji alilipwa kidogo. Faida kubwa ilikuwa mbele ya safari. Mwaka 2019, nchi za mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ziliweka mukula kwenye Orodha ya Pili. Tangu Novemba ya mwaka huo, gogo haliruhusiwi kuvuka mpaka bila kibali kinachohakikisha kwamba limekatwa kihalali na kwamba biashara hiyo haimalizi mti wenyewe.

Je, kijiji kina njia gani? Kifungu cha 22 cha sheria ya misitu kinaruhusu jamii kupewa pori lake la kimila. Dekreti namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 ilieleza namna ya kulipata. Ndiyo ile inayoitwa CFCL, kwa herufi za Kifaransa. Inaweza kufika hektari 50.000, inatolewa bure, na haina mwisho. Gavana ndiye anayetia sahihi.

Ombi ni la jamii nzima, si la chifu peke yake. Koo zinakutana, zinapatana mipaka na vijiji jirani, ramani inachorwa. Kisha kunahitajika kamati ya kusimamia, kamati ya kuchunguza, baraza la wazee na mpango mwepesi wa usimamizi: wapi kukata, wapi kupumzisha. Miombo ikiachwa ipumzike, bila moto mkali wa mwisho wa kiangazi, visiki vinachipuka tena.

Hapo mambo yanageuka. Jamii inaweza kukata yenyewe, ama kufanya mkataba na mwenye msumeno. Sasa ni yeye anayekuja kuwaomba wao.

Ugumu upo. Hati ni bure, lakini vikao, ramani na safari za Lubumbashi si bure. Na kamati isiyotoa hesabu mbele ya watu inaweza kuwa tajiri mupya wa kijiji.

Lakini kungojea pia kuna bei. Kuna mradi wa barabara ya kulipia kutoka Kasomeno, kupitia Kasenga, mpaka Mwenda nchini Zambia, pamoja na daraja juu ya Luapula. Barabara ikikamilika, wanunuzi watafika haraka zaidi. Kijiji chenye hati kitazungumza nao bei. Kijiji kisicho nayo kitahesabu malori yanayopita.