Kabla ya kuchimba bwawa Handeni

Tiba ya maji kwa wenye maradhi ya ubongo na mishipa ya fahamu ikitajwa, watu wengi huuliza kwanza habari za maji yenyewe: ya chemchemi au ya bomba, yana chumvi gani, yana moto kiasi gani. Mkoani Tanga hilo si swali la kushangaza. Nje kidogo ya jiji, jirani na mapango ya Amboni, zipo chemchemi zenye harufu ya salfa zilizobeba jina la Galanos, Mgiriki aliyekuwa mkulima wa mkonge, na wanaosumbuliwa na viungo au ngozi huenda kujimwagia maji yake wakitumaini nafuu. Ukiingia bara, Handeni na Korogwe, si ajabu kumkuta aliyepooza akiogeshwa maji ya majani au akinyweshwa kombe. Kwa hiyo mtu wa kijiji kama Masuguru akisikia kwamba hospitali za Ulaya huwaingiza wagonjwa wa kiharusi bwawani, ni rahisi aamini kuwa wenzetu nao wamegundua maji yenye dawa. Hawakugundua. Bwawa la tiba hujazwa maji ya bomba yaliyotiwa klorini, na kazi yake ni ya sakafu: sakafu laini ambayo mwili dhaifu unafanyia mazoezi usiyoyaweza nchi kavu. Ukilikubali hilo, mpangilio mzima unabadilika, na lile bwawa ambalo wengi wangeanza nalo linasogea mpaka mwisho wa foleni.

Chukua mtu aliyepooza upande wa kulia. Mguu hauna nguvu, goti hukunjika ghafla, naye anajua kwamba akianguka anaweza kuvunjika nyonga. Mwingize kwenye maji ya kiunoni, na nusu hivi ya uzito wake itabebwa na maji. Yakifika kifuani, miguu hubaki na theluthi au zaidi kidogo. Yakifika shingoni, sehemu ya kumi tu. Tena maji ni mazito kuliko hewa, hivyo goti likilegea mwili hauporomoki, unazama taratibu, na ubongo unapata muda wa kuhisi kosa na kulirekebisha kabla halijawa ajali. Muda huo mfupi ndio nchi kavu inaomnyima. Joto nalo lina kazi yake: maji ya nyuzi 33 hadi 35 hulegeza misuli iliyokakamaa, jambo linalomsaidia sana mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye mapaja yake hukazana yakapishana kama mkasi. Lakini joto hilohilo humchosha na kumzidishia udhaifu mwenye maltipo sklerosi, ugonjwa unaoharibu ganda la mishipa ya fahamu. Yeye anahitaji maji ya baridi kidogo. Anayepanga haya yote, nani aingie, kwa kina gani, kwa joto lipi na kwa dakika ngapi, ni mtaalamu wa fiziotherapia. Mtoe yeye, na kinachobaki ni kuoga.

Historia ya tiba hii inaonyesha jambo hilohilo. Mwaka 1949 James McMillan, mhandisi aliyejua kanuni za mwendo wa maji, alianza kuwafundisha kuogelea wasichana wenye ulemavu wa shule ya Halliwick, kaskazini mwa London. Hakutumia maboya. Kila mtoto alikuwa na mtu wake ndani ya maji, na somo la mwanzo lilikuwa la pumzi: uso ukigusa maji, puliza, usivute. Baada ya hapo mtoto alijifunza kujigeuza kutoka kulala chali hadi kusimama, kisha kujiviringisha ubavu kwa ubavu, huku mikono ya mwalimu ikilegezwa kidogo kidogo mpaka akabaki peke yake. Mbinu hiyo imeenea duniani, na gharama yake kubwa mpaka leo ni mikono ya watu.

Upande wa pili kuna Franklin Roosevelt, rais wa baadaye wa Marekani, aliyepooza miguu mwaka 1921 akiwa na miaka 39, akagundulika kuwa na polio. Mwaka 1924 alikwenda Warm Springs, Georgia, kwenye chemchemi yenye maji ya nyuzi 31 hivi, na mwaka 1926 akainunua sehemu yenyewe. Ndani ya bwawa aliweza kusimama na kupiga hatua. Nje ya bwawa hakutembea tena bila vyuma vya miguu na kitu au mtu wa kushikia, hadi alipofariki hukohuko Warm Springs mwaka 1945. Mishipa iliyokufa haikufufuka. Kilichoiangusha polio ni chanjo, na utafiti wake ulilipiwa kwa sehemu kubwa na mfuko alioanzisha Roosevelt huyohuyo mwaka 1938. Handeni haiko mbali na habari hii: Kwamkono, pamoja na hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Kanisa Anglikana, kuna bweni lililoanzishwa kuwahudumia watoto waliolemazwa na polio. Watoto kama hao walisaidiwa kwa magongo, vyuma, upasuaji na mazoezi ya kila siku, bila chemchemi yoyote.

Hapa msomaji mwenye mashaka atauliza ushahidi uko wapi. Nitajibu bila kuupamba. Mwaka 2011 wachambuzi wa Cochrane, mtandao unaopima ushahidi wa tiba, walipokusanya majaribio ya mazoezi ya majini kwa waliopata kiharusi, walipata manne tu, yenye jumla ya watu 94, wakasema hayatoshi kutoa uamuzi. Majaribio yaliyofuata, mengi yakiwa madogo, yametoa dalili nzuri zaidi kwenye usawa wa mwili na mwendo. Je, tiba yenye ushahidi mwembamba hivyo iachwe? Inategemea inalinganishwa na nini. Majaribio mengi huweka kundi moja bwawani na jingine nchi kavu, na makundi yote mawili yana mtaalamu anayewasimamia. Tofauti ikiwa ndogo, maana yake si kwamba mazoezi hayafai. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya nafuu inatoka kwenye zoezi lenyewe, linalorudiwa mara nyingi chini ya jicho la mtu anayejua. Kwa aliyepooza kijijini ushindani si wa bwawa na ukumbi wa mazoezi. Ni wa zoezi lolote na kitanda.

Ukubwa wa tatizo lenyewe tunao kwa takwimu za hapa nyumbani. Utafiti wa kiharusi uliofanyika wilaya ya Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006, na kuchapishwa mwaka 2010, ulikuta wagonjwa wapya wapatao 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000 Hai, na 316 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri. Hai hiyohiyo, watafiti waliozunguka nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 161,000 waliwapata watu 33 wenye ugonjwa wa Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Utafiti mwingine ulisikiliza maelezo ya watu wenyewe: Dar es Salaam kiharusi kilihusishwa sana na mashetani na uchawi, wakati Hai wengi walitaja presha na vyakula. Tanga, kwa utamaduni wake wa pwani, nadhani iko karibu zaidi na Dar es Salaam. Hilo lina uzito hapa, kwa sababu wiki za mwanzo baada ya kiharusi ndipo ubongo unapojifunza upya kwa kasi, na zikiishia kwa mganga, mgonjwa anafika hospitali na kiwiko kilichokwisha kukunjika na vidonda vya kulalia mgongoni. Mwenye vidonda vilivyo wazi haingizwi bwawani. Wala asiyedhibitiwa presha haingizwi, kwani maji husukuma damu ya miguuni kuelekea kifuani na kuuongezea moyo kazi.

Wapo watakaosema mto Pangani unapita Korogwe bure, na mabwawa ya mifugo yapo Handeni, ya nini kuhangaika na klorini? Wazo hili ndilo linalonitisha kuliko yote. Mamba wanajulikana, sina haja ya kuwaeleza. Asiyeonekana ni kichocho, ambacho mkoa wa Tanga unacho: viluwiluwi vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya anayesimama majini, na wale wanaopewa mazoezi ya kusimama majini nusu saa ndio wanaovipa nafasi nzuri. Mayai ya vijidudu hivyo wakati mwingine hufika kwenye uti wa mgongo na kumpooza mtu miguu. Tutakuwa tumempeleka mgonjwa wa mishipa ya fahamu mahali anapoweza kuupata ugonjwa mwingine wa mishipa ya fahamu. Kuna pia kifafa, ambacho mara nyingi huandamana na mtindio wa ubongo na hata kiharusi. Hatari ya mwenye kifafa kufa maji imekadiriwa kuwa mara 15 hadi 19 ya watu wengine. Bwawani mtaalamu humshika mgonjwa na maji ni meupe hadi chini. Mtoni, mtu akizama kimyakimya, anayemtazama kutoka ukingoni haoni kitu.

Pingamizi zito zaidi ni la haki. Wilaya ya Handeni imehangaika na maji miaka mingi, na bomba kuu lililojengwa kuyatoa mto Pangani halikuwahi kukata kiu yote. Ndiyo maana Handeni na Korogwe zimeingizwa kwenye mradi wa maji wa miji 28 unaotokana na mkopo wa India. Sera ya maji ya mwaka 2002 ilitaka kila mwanakijiji apate lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400. Bwawa dogo la tiba, mita 8 kwa 4 na kina cha mita 1.25, linameza lita 40,000, yaani mgawo wa siku wa watu 1,600. Kupandisha joto lake kwa nyuzi 6 tu kwa umeme ni uniti karibu 280, kabla ya kuhesabu joto linalopotea usiku. Mtetezi atasema, na ni kweli, kwamba maji hayo huchujwa na kutumika tena kwa muda mrefu, na jua la Handeni linaweza kubeba sehemu ya kazi ya umeme. Lakini pampu ikifa, au klorini ikikosekana wiki mbili, bwawa linageuka dimbwi. Hesabu hiyo inanishawishi kwamba bwawa la kijiji, au hata la wilaya, lingekuwa fahari ya siku ya uzinduzi tu.

Basi Masuguru ianze na nini? Ianze na mtaalamu mmoja wa fiziotherapia anayefika kituo cha afya kwa siku zinazojulikana, na mhudumu wa afya ya jamii aliyefundishwa kumpima presha kila aliyevuka miaka 40. Ndani ya nyumba, fito mbili zilizosimikwa sambamba kwa kimo cha kiuno zinamtosha aliyepooza kujifunza kusimama. Kuinuka kwenye kigoda mara kumi, asubuhi na jioni, humjenga paja bila kulipia kitu. Maji nayo yana nafasi, ila kwa kipimo cha nyumbani. Karai kubwa la maji ya uvuguvugu, yaliyopimwa kwa kiwiko, humlegeza mtoto mwenye mtindio wa ubongo kabla mama hajamnyoosha miguu. Ni ndoo moja au mbili, ambazo baadaye zinamwagiliwa mchicha. Sharti ni mkono wa mama usitoke mgongoni mwake hata simu ikiita.

Bwawa lenyewe silikatai kabisa. Siku mkoa utakapokuwa na wataalamu wa kudumu na bajeti ya klorini isiyotegemea mfadhili, lijengwe moja, na ningependa liwe Korogwe kuliko Tanga mjini. Tiba hii hudai mara mbili au tatu kwa wiki, kwa wiki sita au zaidi. Mtu aliyepooza wa Masuguru atahitaji bodaboda mpaka lami, basi, mtu wa kumsindikiza, na nauli ya kurudi ya wawili kila safari. Korogwe iko kwenye barabara kuu ya Segera kwenda Moshi na ina hospitali ya Magunga. Tanga ni kilomita nyingi zaidi kwa mguu uleule mgonjwa. Na nauli hiyo iingizwe kwenye bajeti ya bwawa tangu ramani inapochorwa, kwenye ukurasa mmoja na pampu.