Kompyuta Moja, Bodi Nyingi

Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyotolewa nchini Uingereza mwaka 2012, imejengwa juu ya bodi moja. Tangu mwaka 2014 aina zake nyingi zina pini 40 za kupachikia bodi za ziada, kama vile za kupima joto au kuendesha mota. Je, bodi mbili zaweza kutumika pamoja?

Pini ya kawaida haitumikii mabwana wawili: bodi moja ikiipandisha hadi volti 3.3 na nyingine ikiishusha hadi sifuri, mkondo mkubwa hupita na saketi huweza kuungua. Lakini njia ya I2C, iliyobuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1982, ni ya ushirika. Ina nyaya mbili, wa data na wa mapigo. Vifaa huzishusha tu, havizipandishi. Kila kifaa hujibu kiitwapo kwa anwani yake. Anwani ziko 128; zikiondolewa 16 zilizotengwa, hubaki 112. Vifaa viwili vyenye anwani moja hujibu kwa pamoja, na vipimo huvurugika.

Basi kabla ya kuunganisha, yafaa kulinganisha pini, anwani na jumla ya umeme unaohitajiwa.