Kilomita 3,500 kwa Miguu

Anayetaka kuimaliza Appalachian Trail, njia ya miguu inayopita majimbo 14 ya mashariki mwa Marekani, asianzie dukani kwa viatu. Aanze na kalenda. Wengi huondoka Springer Mountain, Georgia, wakielekea kaskazini hadi mlima Katahdin, Maine, ulio ndani ya hifadhi ya Baxter. Kila mwaka katikati ya Oktoba hifadhi hiyo hufunga kambi zake, na baada ya hapo ni hali ya hewa inayoamua nani atafika kileleni. Safari nzima huchukua miezi mitano hadi saba. Ukihesabu kurudi nyuma, unaangukia Machi au Aprili. Anayetangulia mno hukuta theluji katika milima ya Great Smoky, ambako njia hupanda hadi mita 2,000 na ushei.

Mgeni anayetoka Dar es Salaam au Mombasa ana kikomo cha pili. Mwenye viza ya matembezi kwa kawaida huruhusiwa kukaa Marekani miezi sita tu, na hiyo miezi haisubiri kifundo cha mguu kipone. Ndiyo maana baadhi ya watu huligeuza zoezi: huanzia Harpers Ferry, West Virginia, karibu na katikati, wakaenda hadi Katahdin, kisha wakapanda gari kurudi Harpers Ferry na kuteremka kusini, ambako baridi huchelewa.

Njia hii ilikuwa wazo la mtaalamu wa misitu, Benton MacKaye, aliloliandika mwaka 1921. Ilikamilika 1937, na mwaka 1968 sheria ya Marekani ikaitambua kuwa njia ya taifa yenye mandhari, pamoja na Pacific Crest Trail ya upande wa magharibi. Alama za rangi nyeupe kwenye miti na mawe humwongoza mtembeaji, na vibanda zaidi ya 250 vilivyo wazi upande mmoja humpa pa kulala, kama hajatanguliwa na wengine.

Chakula ndicho kinachowasumbua wageni wengi. Hakuna anayebeba cha miezi sita. Hubebwa cha siku tatu hadi tano, mpaka mji unaofuata. Wengine hujitumia maboksi kwa posta, wakayachukue njiani. Ni mpango mzuri, ila posta za vijijini hufungwa Jumapili, na mwenye njaa aliyefika Jumamosi jioni atasubiri. Karibu na mwisho, Maine, kuna kipande cha kilomita 160 hivi kisicho na mji wowote.

Vibali navyo vishughulikiwe mapema: hifadhi za Great Smoky, Shenandoah na Baxter, ambazo njia hupita, kila moja ina utaratibu wake. Katika kipande kifupi cha Georgia, anayelala porini msimu wa kuchipua analazimika kuhifadhi chakula ndani ya mkebe mgumu ambao dubu hawezi kuufungua. Dubu huvuma sana, lakini kupe ndiye wa kuchunguzwa kila jioni, kwa kuwa hueneza ugonjwa wa Lyme. Maji ya vijito huchujwa au kutiwa dawa, hata yakionekana maangavu.

Na mzigo? Hapo mfano ni Emma Gatewood wa Ohio, mama wa watoto 11. Jaribio lake la kwanza, mwaka 1954, liliishia Maine: alipotea, miwani ikavunjika, akarudishwa nyumbani. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 67, alianzia Georgia akiwa amevaa raba, amebeba mfuko aliojishonea mwenyewe na pazia la plastiki la bafuni la kujikinga na mvua, bila hema. Alifika Katahdin Septemba.

Hakuna haja ya kuiga raba zake, lakini wengi hukosea upande wa pili. Neel Gap, kilomita 50 hivi tangu kuanza, kuna duka ambalo wahudumu wake humsaidia mtembeaji kumwaga shanta lote, kuchambua vitu kimoja kimoja, na kurudisha nyumbani kwa posta visivyohitajika. Anayepima shanta lake nyumbani, akazunguka nalo vilimani siku mbili tatu kabla ya kukata tiketi, huokoa gharama ya boksi hilo.