Rika la 1938: kalamu, gitaa na dola

Benjamin Mkapa alipozaliwa huko Masasi, kusini mwa Tanganyika, Novemba 12, 1938, mwaka huo ulikuwa umeshaleta duniani watoto wengine watano ambao Afrika ingekuja kuwataja kila siku. Januari 5, Kamĩrĩĩthũ, Limuru, alizaliwa Ngũgĩ wa Thiong'o. Aprili 8 akazaliwa Kofi Annan mjini Kumasi, pacha na dada yake Efua. Julai 6 ilikuwa zamu ya Luambo Makiadi, Franco wa bendi ya OK Jazz, huko Sona-Bata katika Kongo ya Wabelgiji. Oktoba ikaleta wawili: Fela Kuti mjini Abeokuta, tarehe 15, na Ellen Johnson Sirleaf mjini Monrovia, tarehe 29.

Mwaka wa kuzaliwa haumpi mtu kipaji, lakini unampangia zamu. Akina Nyerere na Nkrumah walikuwa watu wazima walipodai uhuru. Hawa wa 1938 walikuwa vijana bado bendera za wakoloni ziliposhushwa. Sirleaf peke yake ndiye aliyezaliwa katika nchi huru, kwani Liberia ilijitangazia uhuru tangu 1847. Kwa wenzake, nchi zilipatikana wao wakiwa ndiyo kwanza wanaanza maisha, na swali lililowangoja lilikuwa moja: uhuru huu ni wa nani?

Njia zao za kulifikia swali hilo zilitofautiana. Ngũgĩ na Mkapa walipitia Makerere, wakasoma Kiingereza chini ya paa moja. Mkapa alihitimu 1962. Annan alikwenda kusoma Minnesota, Marekani, na mwaka huohuo wa 1962 akaanza kazi Shirika la Afya Duniani, Geneva. Fela alipelekwa London 1958 akasomee udaktari, akaishia chuo cha muziki. Franco hakuwa na chuo. Mama yake aliuza maandazi sokoni Léopoldville, naye alijifunza gitaa akiwa mtoto. Kufikia 1956, bado kijana mdogo, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa OK Jazz.

Kisha ukaja mwaka 1977, rika hili likikaribia miaka arobaini. Februari 18 wanajeshi walivamia makazi ya Fela jijini Lagos, yale aliyoyaita Jamhuri ya Kalakuta, wakayachoma moto. Alikuwa amewakejeli askari katika wimbo wake Zombie. Mama yake, Funmilayo, mwanaharakati aliyejulikana Nigeria nzima, alitupwa dirishani na akafariki mwaka uliofuata. Desemba 31, polisi wa Kenya wakamkamata Ngũgĩ. Yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walikuwa wameandika tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, ikachezwa kwa Kikuyu na wakulima na vibarua wa Kamĩrĩĩthũ wenyewe. Vitabu vyake vya Kiingereza vilivyoisema serikali havikuwa vimemfikisha kizuizini. Mchezo walioucheza wanakijiji kwa lugha yao ndio uliomfikisha. Ndani ya gereza la Kamiti, akitumia karatasi za chooni, aliandika riwaya ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama Shetani Msalabani.

Mwaka 1978 Franco naye akatupwa gerezani kwa nyimbo zilizoitwa za matusi. Yeye hakuwa mpinzani. Alikuwa amemwimbia Rais Mobutu sifa mara nyingi, na sifa hizo hazikumkinga. Huko Liberia, Sirleaf alikuwa waziri wa fedha jeshi lilipopindua serikali Aprili 1980. Vigogo 13 walipigwa risasi ufukweni Monrovia. Yeye alinusurika, na 1985 akafungwa kwa kuukosoa utawala wa Samuel Doe, aliyeongoza mapinduzi hayo.

Haya hayakugongana kwa bahati tu. Rika hili lilifikia ukomavu wake wakati serikali nyingi za Afrika zilikuwa zimekwisha kuwa za chama kimoja au za kijeshi, na mtu mwenye sauti iliyosikika mbali alikuwa ama wa kutumiwa ama wa kunyamazishwa.

Mkapa alipita mlango wa ndani. Alihariri magazeti ya The Nationalist, Uhuru na Daily News, akawa mwandishi wa habari wa Rais Nyerere, 1977 hiyohiyo akawa waziri wa mambo ya nje, na hatimaye rais. Annan alipanda ngazi za Umoja wa Mataifa hadi Katibu Mkuu, 1997 hadi 2006. Lakini wa ndani nao walibeba mizigo yao. Annan aliongoza idara ya kulinda amani wakati wa mauaji ya kimbari Rwanda 1994, na baadaye alikiri kwamba angeweza kufanya zaidi. Mkapa, katika kumbukumbu zake za 2019, aliyataja mauaji ya waandamanaji huko Pemba, Januari 2001, kuwa doa katika urais wake.

Wawili hao walikutana Nairobi mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi uliogharimu maisha ya Wakenya zaidi ya elfu moja. Annan akiongoza, Mkapa na Graça Machel wakiwa naye, waliwakalisha mezani mahasimu wa uchaguzi huo, Mwai Kibaki na Raila Odinga, mpaka mkataba ukatiwa saini Februari 28.

Franco alifariki 1989, Fela 1997, Annan 2018, Mkapa 2020, na Ngũgĩ Mei 2025 huko Marekani, baada ya miaka mingi ya kuishi mbali na Limuru. Amebaki Sirleaf, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa rais katika Afrika.

Katika sita hao, wawili walikalia kiti cha urais, na wote wawili walikiachia muda wao ulipokwisha: Mkapa 2005, Sirleaf 2018. Ukikumbuka yaliyowapata Ngũgĩ, Fela na Franco mikononi mwa watawala wasiotaka kusemwa, utaona kwamba kuondoka kwa wakati ni kazi kubwa kama kuandika riwaya au kupiga gitaa. Rika la 1938 lilitoa mabingwa wa zote tatu.