Hearthstone: Karata 30, Uhai 30

Je, wajua kwamba katika mchezo wa Hearthstone kuna karata ambayo hakuna anayeinunua wala kuichagua, na bado wachezaji huibishania kuliko nyingi za bei kubwa? Inaitwa Sarafu. Kompyuta humpa yule anayecheza wa pili. Akiitumia hupata mana moja ya ziada kwa zamu hiyo tu, kisha inatoweka. Ni fidia: katika mchezo wa kushambuliana, anayeanza huwa hatua moja mbele kila wakati. Ndiyo maana anayeanza hupewa karata 3, mwenzake akapewa 4 pamoja na hiyo Sarafu. Kabla ya zamu ya kwanza, kila mmoja anaweza kurudisha asizozipenda na kuchukua nyingine.

Kanuni nyingi za mchezo huu zina tabia hiyohiyo: kila moja imewekwa kupunguza makali ya bahati. Ukiitazama kwa jicho hilo, Hearthstone inaeleweka haraka.

Mchezo huu ulitolewa rasmi Machi 2014 na Blizzard, kampuni ya Marekani, nao huchezwa kwenye kompyuta na simu kupitia intaneti. Katika karata tulizozoea, pakiti moja ya karata 52 huchangwa na kugawiwa wote walioketi. Hapa kila mchezaji huja na seti yake mwenyewe ya karata 30, alizozichagua kutoka kwenye mkusanyiko wake. Karata ya aina moja haizidi nakala mbili. Zile za daraja la juu kabisa, tuziite za magwiji, ni nakala moja tu. Kila seti ina shujaa wake, awe mwindaji, kasisi au mchawi, na shujaa huanza na uhai 30. Ukifika sifuri, umeshindwa.

Kila karata ina gharama, na gharama hulipwa kwa mana. Wazo hili lilipata umaarufu kupitia Magic: The Gathering, mchezo wa karata za makaratasi uliobuniwa na Richard Garfield na kutoka mwaka 1993. Lakini katika Magic chanzo cha mana ni karata za ardhi zilizochanganywa humohumo na nyingine, kwa kawaida zaidi ya theluthi moja ya seti. Ukivuta ardhi tupu, huna cha kufanyia kazi. Usipoivuta, umeketi na mkono uliojaa karata nzuri usizoweza kulipia. Hearthstone iliondoa balaa hilo moja kwa moja. Zamu ya kwanza unapata fuwele moja ya mana, ya pili mbili, hadi kumi, bila kutegemea ulichovuta. Mana usiyoitumia haiwekwi akiba. Kwa hiyo swali la kila zamu ni moja: nitazitumiaje zote bila kupoteza hata moja? Anayelijibu vizuri zaidi ndiye anayeshinda mara nyingi, hata kama karata zake ni za kawaida.

Karata zilizo nyingi ni za askari. Askari ana namba mbili: nguvu ya kupiga na uhai wake. Akiwekwa mezani husubiri hadi zamu inayofuata ndipo apige, isipokuwa wachache waliopewa haki ya kushambulia papo hapo. Wawili wakipigana, kila mmoja humuumiza mwenzake kwa wakati mmoja, na jeraha halifutiki zamu ikiisha. Meza hubeba askari saba kwa kila upande. Mshambuliaji ndiye anayechagua wa kumpiga, askari au shujaa mwenyewe, ila kama mbele yake kuna askari mkingaji: huyo lazima aondolewe kwanza. Wengine hutenda jambo mara wanapoingia mezani, na wengine huacha jambo nyuma yao wanapokufa. Hawa wa mwisho ndio wenye mtego zaidi, kwa sababu kuwaua kunaweza kumfaidi adui.

Jambo moja hushangaza waliotoka kwenye Magic: zamu yangu ikiwa yangu, wewe huwezi kuniingilia. Kinga pekee ni karata za siri ulizotega mapema, zinazofyatuka zenyewe mtego ukikanyagwa. Hivyo kompyuta haisimami kila mara kuuliza kama una la kujibu. Ukichelewa, kamba huanza kuwaka mezani. Ikiisha, zamu imekwisha.

Bahati haikufutwa yote. Tuseme una nakala mbili za karata unayoitegemea. Anayeanza atakuwa ameona karata kumi kufikia zamu ya saba, na uwezekano wa kuwa na angalau moja kati ya hizo mbili ni asilimia 56, tukiacha kando zilizobadilishwa mwanzoni. Kwa nakala moja, ni theluthi. Mkono hauzidi karata kumi. Ya kumi na moja huungua mbele ya macho yako. Seti ikiisha uchovu unaingia: kila unapotakiwa kuvuta, shujaa anapoteza uhai 1, kisha 2, kisha 3, na kuendelea.

Bahati kubwa zaidi iko nje ya meza. Karata mpya hutoka kwenye pakiti za karata tano zinazonunuliwa kwa dhahabu unayoipata ukicheza, au kwa pesa halisi. Hujui kilichomo mpaka uifungue. Kwa wastani, gwiji mmoja hutoka katika pakiti 20. Usizozitaka unaweza kuzisaga ziwe vumbi la kutengenezea nyingine, lakini kiwango cha kubadilishana ni kikali: gwiji akisagwa hutoa vumbi 400, na kumtengeneza kunahitaji 1,600. Karata ya kawaida hutoa 5 na kugharimu 40. Ninaamini hapa ndipo mgeni anapaswa kuwa mwangalifu kuliko mezani: asisage gwiji yeyote kabla hajajua anataka kucheza seti gani.

Tena karata hizi hazibadilishwi na rafiki wala haziuzwi, kama wafanyavyo wenye karata za makaratasi. Zinaishi kwenye akaunti, na akaunti inaishi kwenye seva za kampuni. Wachezaji wa China walilishuhudia hilo Januari 2023, mkataba kati ya Blizzard na NetEase, mshirika wake wa huko, ulipokwisha na seva zikazimwa. Mkusanyiko wa miaka mingi haukuweza kuguswa tena hadi mchezo uliporudi nchini humo Septemba 2024, baada ya kampuni hizo mbili kukubaliana upya.